Hesabu ya Tatu

Łódź, Januari, saa nane za usiku.
Mashine ziko chuoni, mimi niko jikoni,
soksi mbilimbili, chai imepoa,
nazitazama namba zikishuka
kama mtu anayeteremka ngazi gizani akipapasa ukuta.

Kazi yangu, Gracjan, hukuwahi kuielewa,
nami sikuwahi kukueleza vizuri. Sikiliza.
Chukua platinamu. Ikate bapa, tabaka nne za atomi.
Mbili za chini zifunge zisitikisike,
mbili za juu ziache zipumue.
Juu yake weka utupu,
kisha lirudie bapa hilo kulia, kushoto, bila kikomo,
maana kompyuta yangu haijui ukingo wa kitu.
Sasa shusha molekuli moja ya hewa,
kaboni ikitangulia, oksijeni ikifuata.
Uliza: itatua wapi? Itashika kwa nguvu gani?

Hesabu ni tatu.
Bapa na hewa pamoja.
Bapa peke yake.
Na ya tatu, hewa peke yake, ndani ya kisanduku kitupu.
Toa ya pili, toa ya tatu.
Ni namba kubwa kama milima, lakini ukishatoa
inabaki punje,
na punje hiyo ndiyo tuiitayo kunata.

Mimi nimesomea punje.

Hewa yenyewe unaijua.
Sisi huku twaiita czad:
haina rangi, haina harufu, haina hodi.
Kila majira ya baridi magazeti huihesabia watu wake,
leo wawili, jana mama na mwanawe.
Hita ya gesi ya bafuni, ya enzi za babu,
dirisha ulilolibandika utepe joto lisitoke,
na wewe ndani ya maji, ukiimba vibaya.

Kwenye damu kuna chuma. Nacho ni metali,
nacho kina pa kutua.
Hewa ile hukishika
mara mia mbili na zaidi ya oksijeni,
hukaa kiti cha mwenzake, haibanduki.
Haikukuchukia. Nimeipima.
Ilikuwa inashuka tu, kuelekea namba ndogo.

Kuna jambo linanitia haya kazini.
Kompyuta yangu yasema molekuli hutua bondeni,
katikati ya atomi tatu.
Teodozja, mwenye chemba ya chuma na pampu zinazonguruma,
ameipata kileleni, juu ya atomi moja,
wima kama mshumaa.
Tunagombania sehemu ya kumi ya elektronivolti.
"Nadharia yako," aliniambia akimenya chungwa,
"inapenda mno vitu vikumbatiane."
Nilicheka. Kisha nikaenda msalani
nikakaa dakika ishirini, mlango wazi.

Jana mfagia dohani alipita ngazini,
kofia nyeusi, brashi begani.
Desturi yetu ukimwona, shika kifungo upate bahati.
Mama alishika. Miaka sabini na mmoja, vidole vimepinda,
alikishika kifungo cha koti mpaka uzi ukakatika.
Ninacho hapa, kando ya kibodi.

Mara moja nimejaribu, nakiri.
Nyumba na wewe ndani: hesabu ya kwanza.
Nyumba bila wewe: hiyo ninayo,
miaka sita ya supu inayobaki sufuriani
kwa sababu Mama hajajifunza kupika ya watu wawili.
Toa hii katika ile.
Lakini ya tatu yanitaka nikuweke wewe peke yako
ndani ya kisanduku kitupu, mlango umefungwa,
nisubiri mpaka namba itulie.

Hiyo siifanyi.

Hatua ya arobaini na moja.
Nimefungua dirisha, theluji inaingia kwenye sinki.
Bado haijatulia.